Baharia Aliyepima Jua kwa Mizani ya Ufuta

Jumatatu, tarehe nne Agosti, saa nne asubuhi, Baharia alifariki dunia katika wodi ya wanaume kule Nachingwea. Tulimrudisha Nandagala siku ile ile, tukamzika baada ya swala ya alasiri. Tulipoteza mtu pekee kijijini kwetu aliyejua meli inakula nini, na ambaye alikaa miaka akitafuta kama inaweza kula kitu kingine.

Mimi ni mpima mizani wa ghala la chama chetu cha msingi cha wakulima. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Kazi yangu ni kusoma sindano na kusema inachosema. Kwa hiyo nitaandika hivyo hivyo, na pale nisipojua nitasema sijui.

Alizaliwa lini, alifikaje baharini, sijui. Nilipomfahamu alikuwa tayari amerudi, mgane, nyumba yake ikitazamana na ghala. Kibarazani aliweka meza, sola mbili na waya nyingi, anachaji simu za watu na kufufua betri zilizokata tamaa. Zamani alikuwa oila, yaani mtu wa chini kabisa ndani ya meli, anayezunguka injini na kopo la mafuta kama mama anayezunguka mgonjwa. Alisema bahari yenyewe hakuiona sana. "Nyinyi mliokwenda Lindi mara moja kwenye harusi mmeiona kuliko mimi," alituambia. "Mimi nilikuwa naisikia tu, ikikwangua bati upande wa pili."

Hakujua kuogelea. Nilipomshangaa alinishangaa na yeye. "Nani akufundishe, Mama Mizani? Kule chini hakuna maji. Maji yakiingia chini, kazi imekwisha."

Kwetu bahari iko mbali, lakini yeye aliiona mahali ambapo sisi tuliona mashamba. Machi, ufuta unapochanua, upepo ukipita juu yake, shamba zima linainama na kuinuka, jeupe, mpaka kule linapokutana na kilima. Baharia alikuwa anasimama ukingoni, miguu ameitanua, mkono mmoja ameushika mti wa mpaka. Nilimkuta hivyo siku moja natoka kisimani na ndoo kichwani. Nikasimama na mimi. Sijui tulisimama muda gani. Nilipoanza kuondoka nilihisi ardhi inanichezea nyayoni, nikamwaga maji.

"Umeona?" alisema. "Na hapo hujala kitu cha kutapika."

Alipenda kusema kwa sauti kubwa, kwa sababu sikio la kushoto lilikufa kwa mlio wa injini na la kulia lilibaki nusu. Siri yoyote uliyompa, aliirudia mpaka msikitini wakaisikia. Mambo ya maana zaidi aliyasema kwa mikono. Ngumi iliyofungwa ilikuwa zima injini. Kidole kinachozunguka, endelea. Kiganja kilicholazwa, punguza. Watu wa injini huongea hivyo. Baada ya miaka michache nilikuwa nampungia toka mlangoni mwa ghala, naye ananijibu toka ng'ambo ya barabara, na wakulima waliosimama na magunia yao wakidhani tunaibiana kilo.

Tatizo lake kubwa kijijini lilikuwa jina. Vijana wa bodaboda, kama vijana wa Dar wanaowasikia redioni, huitana baharia. Kila mwanamume anayejiweza ni baharia. Kijiwe chao kiko hatua chache na nyumba yake.

"Oya baharia!"

"Naam," anaitika mzee toka kibarazani.

"Siyo wewe, mzee. Namwita huyu."

"Umeita baharia. Huyo ni baharia wa meli gani?"

"Ya magurudumu mawili, mzee wangu!"

Wanacheka, na yeye hacheki. Ilimuudhi kwelikweli. Alisema neno ni kama kipimo, ukiligawa kwa kila mtu halipimi tena. Mara nyingine aliwakatalia kuwachajia simu mpaka waitane majina yao waliyopewa na mama zao.

Ikaja siku mmoja wao akagongwa na lori kwenye kona, njia ya Nachingwea. Mwenzake alikwenda kwa Baharia kuchukua simu, macho mekundu, akasema, "Mzee, tumempoteza baharia."

Nilikuwa naona toka ghalani. Baharia aliketi chini, siyo kwenye kiti, chini, kwenye vumbi, na waya mkononi.

"Bahari gani?" aliuliza.

Kijana hakuelewa. "Bahari gani, mzee?"

"Amepotea bahari gani?"

Nilivuka barabara mbio, kwa sababu nilijua amesikia nini. Alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa huko majini, oila kama baba yake. Nikampigia kelele kwenye sikio la kulia kwamba ni kijana wa bodaboda, ni barabarani, siyo mwanao. Ilibidi nirudie. Kisha akalia, nikadhani analia kwa nafuu. Lakini aliamka, akavaa kanzu, akaenda msibani, akakaa na vijana wale mpaka watu walipotawanyika. Tangu siku hiyo hakuitika tena walipoitana. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Na wao wanafia kazini. Waachieni neno."

Huyo mwanawe ndiye aliyekuwa ndani ya kila alichofanya, na ni lazima niliseme hilo wazi. Baharia mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa mabaharia wenzake wa zamani. Alijivunia miaka kadhaa. Kisha mwana alipokuwa akipiga simu, wakifika karibu na nchi na mtandao ukapatikana, Baharia alianza kukisikia kikohozi. Aliweka simu sauti kubwa kwa sababu ya masikio, kwa hiyo tulikisikia wote. Kikavu, kinaanzia mbali.

"Kikohozi kile ni changu," aliniambia siku moja simu ilipokatika. "Nimeishi nacho, nakijua mlio wake. Nimemrithisha nikiwa hai."

Kila simu aliuliza swali lile lile kabla ya salamu kuisha: "Mnachoma nini sasa?" Na mwana anajibu, "Yale yale, baba."

Yale yale maana yake mafuta mazito, meusi. Baharia alikuwa nayo kichupa kimoja kabatini, mazito kama uji wa mtama. Aliyalaani mbele ya kila mgeni, na nilimkuta zaidi ya mara moja amefungua kizibo ananusa, macho amefumba. Nilimuuliza: Mzee, unayachukia au unayapenda? Alisema mtu akikulisha ujana wako wote humwiti adui, hata kama amekutoboa kifua. Lakini mwezi wa saba, mashine za kupulizia salfa zinapoanza kulia kwenye mikorosho, alijifungia ndani na kuziba dirisha kwa shuka. Sisi salfa tunaiona neema, ndiyo inayookoa maua ya korosho na ukungu. Yeye alisema salfa hiyo hiyo imo kwenye mafuta yale, inapanda na moshi wa meli, na harufu yake ikimfikia kitandani anaamka akitafuta kopo lake la mafuta.

Ndiyo maana alitaka kujua kama meli inaweza kwenda kwa jua. Wengine walidhani ni mchezo wa mzee mwenye sola. Mwalimu mmoja wa sekondari alipita akamwambia, "Mzee, siku hizi kila kitu ni sola, na meli zitakuwa sola tu." Baharia alimkaribisha kiti, kisha akaja kwangu kuomba mizani.

Msimu ulikuwa umekwisha, ghala tupu, nikamruhusu. Tulichukua lita moja ya dizeli ndani ya kibaba, tukaiweka kwenye mizani. Sindano ilitikisika tu. Tukaitia kwenye pampu ya jirani anayemwagilia nyanya, tukahesabu mapipa mangapi yamejaa mpaka pampu ilipozimika. Halafu Baharia akaunganisha pampu ya umeme na betri zake, moja ikichoka analeta nyingine, mpaka mapipa yale yale yakajaa. Betri zote alizotumia tukazipandisha kwenye mizani. Zilizidi gunia la ufuta.

Mwalimu alikuna kichwa. "Siku hizi kuna za kisasa, nyepesi."

"Zipo, nimezishika. Ni nyepesi, lakini siyo nyepesi kama hii," alisema, akinyanyua kile kibaba cha lita moja kilichokuwa tupu. "Meli inakaa wiki nyingi bila kuona nchi. Ukiijaza betri za safari yote, ufuta wenu mtauweka wapi? Chombo kinachobeba chakula chake tu, mzigo wa watu kitabeba lini?"

"Basi tandika sola sitaha nzima."

"Utawasha taa, jiko na redio. Injini kubwa itakutazama tu. Na jua, mwalimu, ni mgeni mwema, ila halilali kwako."

Mwalimu aliondoka ameshindwa, na Baharia alishindwa zaidi yake. Nilimwona. Alikuwa ametaka betri zile ziwe nyepesi. Alikaa ghalani kwenye gunia tupu, akazitazama kama mtu aliyeleta mtoto kliniki.

Hakuacha lakini. Alisema kivuko kinachovuka na kurudi, hicho kinaweza leo, kwa sababu kinalala nyumbani na kinachajiwa kama simu. Kwa hiyo jambo linawezekana karibu, haliwezekani mbali, na kati ya karibu na mbali kuna mahali pa kutafuta. Kisha mwanawe akapiga simu toka bandari moja, akasema ameona meli ya mizigo yenye mabomba mawili marefu kama minara, yamesimama sitahani, yanazunguka.

"Ya moshi?" aliuliza Baharia.

"Hapana, baba. Hayatoi kitu. Yanazunguka, upepo unayakuta, meli inasukumwa. Injini inapunguza kula."

"Inapunguza au inaacha?"

"Inapunguza."

Kwa siku kadhaa baada ya hapo, simu za watu zilichelewa kuchajiwa. Ukipita unamkuta anazungusha chupa tupu kwenye kidole, mbele ya feni. "Kumbe upepo hawakuumaliza," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka katikati ya ndoto na hataki kufungua macho.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mkataba wa mwana ulikuwa unakaribia kwisha, na kampuni ikataka jibu kama ataongeza. Mwana alimuuliza baba yake, sote tukisikia: "Nibaki au nishuke?" Akakohoa. Kisha akasema, "Wanasema meli zitabadilika, baba. Nikivumilia kidogo nitazikuta safi."

Baharia akamjibu, "Nitatengeneza chombo. Kikivuka lambo letu na kurudi na mzigo kwa jua peke yake, baki, maana mabadiliko utayaona kwa macho yako. Kikishindwa, shuka."

Nilimwambia huo siyo upimaji. Lambo siyo bahari. Alinijibu kwamba analijua hilo, lakini mtu akishindwa kupima gunia hupima kiganja. Nadhani kweli ni kwamba hakuweza kumwambia mwanawe shuka, kwa sababu ndiye aliyempandisha, na alitaka kitu kingine kiseme kwa niaba yake.

Alitengeneza wiki tatu. Mapipa manne ya plastiki, mbao juu yake, sola moja, mota ya feni ya gari bovu, na panga boi la kusukuma maji alilolikata kwenye sufuria iliyotoboka. Betri hakuweka hata moja. Jumapili moja ya mwezi wa sita, saa sita, jua likiwa utosini, nusu ya kijiji ilikuwa ukingoni mwa lambo. Mzigo ulikuwa mimi. Alisema anataka mzigo unaoweza kutoa ushahidi. Vijana wa bodaboda walisisitiza nipimwe kwanza, kwa haki, kwa hiyo mizani ya ghala ililetwa kwenye mkokoteni, nikapanda mbele ya watu.

"Gunia kamili!" akapiga kelele mmoja. "Mzee, utazama na wewe!"

"Kaa kimya, baharia," alisema Baharia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita kijana hivyo, na kijana alikaa kimya.

Tulikwenda. Sitaisahau safari ile. Hapakuwa na moshi wala mlio, ila maji yakinong'ona chini ya mapipa, na yale matete ya upande wa pili yakikua polepole. Baharia alilaza kiganja juu ya mota, kama mtu anayesikiliza moyo. "Sisikii kitu," alisema, na safari hii hakuwa analalamika. Miguu yangu ililowa. Tuligusa matete, tukageuza, ukingoni wakapiga vigelegele.

Tulipofika katikati ya kurudi, wingu likaja. Lilikuwa dogo, la mwezi wa sita, lisilo na mvua. Panga boi likapunguza, likasimama. Tulikaa palepale kwenye maji yaliyotulia, watu wawili wasiojua kuogelea. Baharia alinionyesha kiganja kilicholazwa: tulia. Mimi sikutulia. Niliogopa. Niliivua khanga yangu ya mabegani ili nijifunge kiunoni nikianguka nisidhalilike, nikasimama, na upepo wa nyuma ukaijaza. Chombo kikaanza kwenda. Sikuwa na akili yoyote, ilikuwa hofu tu. Nilishikilia ncha zake mbili, mikono ikiniuma, mpaka tulipogonga udongo.

"Kimerudi!" walipiga kelele wengine.

"Hakijarudi! Kimerudishwa!"

Walibishana mpaka kijiweni. Baharia alikaa kwenye pipa, akakohoa muda mrefu. Kisha akaniambia mimi tu, "Tulikuwa wazito. Tungekuwa wepesi kidogo, tungefika kabla ya wingu."

Hapa ndipo jambo linaloninyima raha. Wingu lilipita. Tulipokuwa tunavuta mapipa ukingoni jua lilikuwa tayari linachoma. Ningekaa nilipoambiwa nikae, labda tungerudi kwa jua peke yake, na jibu lingekuwa lingine. Nilimwambia hivyo. Aliitazama khanga yangu, ya zamani, jina lake limefutika kwa kufuliwa, akasema, "Labda." Wiki zile zote hakumpa mwanawe jibu. Simu ikija anazungumzia hali ya hewa.

Mwezi wa saba salfa ilipoanza alizidiwa, tukampeleka Nachingwea. Nilikwenda kumwona Alhamisi, siku nne kabla hajafa. Alikuwa amelala upande, sikio la kulia likiwa juu. Dirishani kulikuwa na paa la jengo la pili na sola zake, na alikuwa anazitazama jinsi watu wengine wanavyotazama mtoni.

Simu yake ikalia. Alinipa mimi.

"Dada," alisema mwana, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Mkataba wangu ni kesho. Baba hanijibu. Kilirudi au hakikurudi?"

Nilimtazama Baharia. Nilitaka kusema kimerudi, kwa sababu ya jinsi alivyozitazama sola zile. Nilitaka pia kusema hakikurudi, kwa sababu ya kikohozi kile. Yeye hakusikia swali ila alilijua. Alisema, "Sema sindano ilipokaa. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia mwana: kilikwenda kwa jua. Kikarudi nusu kwa jua, wingu likakisimamisha, kikamalizia kwa upepo kwenye khanga yangu. Nikamwambia niliogopa, na labda niliharibu kipimo. Nikamwambia na ambalo sikuulizwa, kwamba baba yake yuko wodini na kifua chake sasa kinasikika toka mlangoni.

Nilimsikia akikohoa, injini ikinguruma nyuma yake.

"Kwa hiyo vitu viwili pamoja," alisema.

"Viwili. Na bado tulilowa."

"Nashuka, dada. Bandari inayofuata."

"Anasemaje?" aliuliza Baharia. Nikainama nikamwambia kwa sauti niwezayo, na wagonjwa wote wakageuka: "Anashuka! Anakuja!" Baharia aliinua mkono wenye bomba la dripu, akafunga ngumi. Zima. Kisha ngumi ile ikabaki hapo hewani, kama amesahau kuishusha.

Mwana alishuka kweli. Alifika siku ya tatu baada ya maziko, na ninapoandika haya anakaa kibarazani, anachaji simu. Kikohozi hakijaisha. Vijana wakiita baharia, anaitika.

Lakini siku ile ya Alhamisi, kabla sijaondoka, muuguzi alikuja akasema mzee apimwe uzito kwa ajili ya dawa. Tulimshika huku na huku, tukampandisha kwenye mizani. Kwa mazoea niliisoma sindano kabla ya muuguzi, nikaitaja. Baharia hakusikia, kwa hiyo nikamwonyesha kwa vidole. Alivihesabu polepole. Kisha akaanza kucheka, cheko lisilo na pumzi, mabega yakitikisika mkononi mwangu.

"Mama Mizani," alisema, na wodi nzima ikasikia, "kwa uzito huu tungerudi bila khanga yako."

Muuguzi akauliza khanga gani. Nilimsaidia kushuka, na sindano ikarudi kwenye sifuri.